Sari ya sikukuu na haki ya mkono ulioitarizi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaneemesha waja wake kwa mavazi ya kuwasitiri na ya kuwapamba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, leo tumeona tuzungumze na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa kuwa dogo, la madukani na la kina mama peke yao, ilhali ndani yake mna haki za watu. Jambo lenyewe ni sari ya shifoni yenye tarizi, ile inayotolewa kabatini siku ya Idi, siku ya nikahi na usiku wa hina.

Sari si vazi geni kwetu. Ni kitambaa kimoja kirefu kisichoshonwa, kwa kawaida cha mita 5 na nusu hivi, kinachozungushwa kiunoni juu ya gagulo na kukunjwa marinda mbele, kisha ncha yake ikapitishwa kifuani na kuangushwa begani au kufunikwa kichwani. Wapo wanaodhani kuwa ni vazi la Wahindu tu. Dhana hiyo si sahihi, kwani kina mama wengi mno wa Kiislamu wa Bangladesh na wa India huivaa, na ndiyo nguo yao ya sikukuu tangu enzi za bibi zao. Katika miji ya pwani yetu, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, sari iliingia zamani pamoja na familia zilizotoka Gujarati na Kachi, na leo si nadra kumwona bibi harusi asiye na asili ya Bara Hindi akivishwa sari usiku wa hina. Lugha yetu nayo inatoa ushahidi. Neno zari, yaani nyuzi za dhahabu au fedha za kupambia nguo, linatokana na neno lile lile la Kiajemi lililozaa jina la zardozi, ushonaji wa dhahabu, ambayo ni miongoni mwa tarizi mashuhuri kabisa za sari za sherehe.

Kila inapotajwa shifoni barazani, swali la kwanza huwa ni la stara. Ni swali la haki. Shifoni ni kitambaa chepesi kinachopenya nuru, na anayeivaa bila ya kitu chini yake huwa hajavaa. Jawabu lake nalo linajulikana: gagulo zito, blauzi ndefu yenye mikono kamili na bitana, na ncha ya sari kichwani. Mafundi wetu wanalifahamu hilo na hatuna haja ya kulirefusha.

Tatizo ni kuwa hapo ndipo mazungumzo yanapoishia, nasi tunaona yamekatizwa njiani. Vazi laweza kuwa limeusitiri mwili wa mvaaji tangu utosini hadi kisiginoni, na papo hapo likawa limebeba dhuluma ndani ya nyuzi zake. Uhalali wa nguo ya sikukuu haupimwi mwilini mwa aliyeivaa peke yake. Hupimwa pia katika mkono ulioitarizi, na katika ujira uliotiwa mkononi humo. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, na ili lieleweke inafaa tuitazame sari hii huko inakotoka.

Asili ya shifoni ni hariri. Nyuzi zake husokotwa kwa nguvu, nyingine kuelekea upande huu na nyingine upande ule, kisha zikafumwa kwa mfumo wa kawaida kabisa. Msokoto huo ndio unaokipa kitambaa ule ukwaru mdogo chini ya kidole na ule wepesi wa kupepea. Bibi Indira Devi, malkia wa Cooch Behar aliyefiwa na mumewe mwaka 1922, anatajwa kuwa ndiye aliyeifanya shifoni kuwa sari ya mabibi wa kifalme, kwa kuagiza kitambaa hicho kutoka Ufaransa. Binti yake, Gayatri Devi, aliyekuwa malkia wa Jaipur, akajulikana duniani kwa sari hizo hizo. Kisha zikaja sinema. Katika filamu ya Chandni ya mwaka 1989, mwongozaji Yash Chopra alimvika Sridevi sari za shifoni, na kutoka hapo kitambaa cha majumba ya kifalme kikatamaniwa katika kila mtaa.

Kilichowezesha matamanio hayo kutimia ni kiwanda. Nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938, polyesta ikabuniwa Uingereza mwaka 1941, na siku hizi shifoni nyingi inayouzwa kwa bei nafuu si hariri tena bali ni polyesta. Sehemu kubwa yake hufumwa na kutiwa rangi katika mji wa Surat, jimbo la Gujarati. Huo ni mji ambao wasomaji wa ukurasa huu yafaa waujue kwa sababu nyingine pia, kwani katika dola ya Wamughali ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya mahujaji wa Bara Hindi, na ukaitwa lango la Makka.

Basi kitambaa chenyewe leo ni rahisi. Kinachoipa sari ya sherehe thamani yake ni tarizi, na tarizi ya mkono haina kiwanda. Ina watu.

Wengi wa watu hao wako Lucknow, mji mkuu wa jimbo la Uttar Pradesh, pamoja na miji kama Bareilly na vijiji vinavyoizunguka. Mwaka 1775 Nawabu Asaf-ud-Daula alihamishia Lucknow makao ya utawala wa Awadh, na chini ya watawala hao Waislamu kazi za mikono zikastawi hadi Waingereza walipoitwaa nchi hiyo mwaka 1856. Inasimuliwa kuwa njaa ilipoingia mwaka 1784, Asaf-ud-Daula aliamuru kujengwa jengo kubwa la Bara Imambara ili watu wapate kibarua na wale kwa jasho lao. Jengo lingalipo hadi leo. Watarizi nao wapo, na hadi leo wengi wao ni Waislamu.

Kazi zao ni za namna mbili hasa. Ya kwanza ni hiyo zardozi. Sari hutandazwa na kukazwa kwenye fremu ya mbao, na mafundi huketi chini kuizunguka, wameinama, wakipachika nyuzi za zari, vichirizi vya waya uliosokotwa, shanga na vimetameta, kimoja baada ya kimoja. Ya pili huitwa chikan, na hii hasa ni kazi ya wanawake majumbani. Kwanza kitambaa hupigwa chapa ya maua kwa vibao vya mti na rangi ya buluu inayotoka kwa maji. Kisha hupelekwa kwa mwanamke anayefuata chapa hiyo kwa sindano. Ipo mishono ya kila aina, mingine ya mafundo madogo kama punje za mpunga, mingine ya kutenganisha nyuzi za kitambaa hadi vitokee vitundu kama wavu. Upo na mshono unaoshonwa kwa upande wa nyuma, ili kivuli chake tu ndicho kionekane mbele, na ni kwenye vitambaa vyepesi kama shifoni ndipo uzuri wake unapodhihiri. Mwisho nguo hufuliwa ili ile buluu itoke, ikapigwa pasi, ikapelekwa sokoni.

Shifoni haina huruma kwa mtarizi. Huteleza, huvutika, na uzi mmoja ukivutwa vibaya kasoro yake huonekana nguo nzima. Sari iliyojaa tarizi huweza kuchukua wiki nyingi, pengine miezi, na kazi yote ni ya macho. Ndiyo maana malalamiko ya watarizi wa miaka mingi ni yale yale, ya macho yanayofifia na migongo inayouma kabla ya uzee kufika.

Na ujira wao je? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Baina ya yule mwanamke na duka yupo dalali, na mara nyingi wapo madalali wawili au watatu. Dalali ndiye anayemletea kitambaa chenye chapa, ndiye anayeamua malipo ya kipande, na ndiye anayeikagua kazi. Likionekana doa, malipo hukatwa. Kazi ikichelewa, hukatwa. Malipo yakichelewa, hakatwi mtu. Mwanamke huyu huketi nyumbani kwake kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya heshima ya sitara, hafiki sokoni, na kwa hivyo hajui ile sari aliyoihangaikia mwezi mzima iliuzwa kwa kiasi gani. Kile kile kinachomhifadhi kimefanywa kuwa kamba ya kumfungia. Katika bei anayolipa mnunuzi wa mjini, sehemu inayomrudia aliyeshika sindano ni ndogo mno.

Haya si siri. Mwaka 1986 mwongozaji Muzaffar Ali, mzaliwa wa Lucknow, alitoa filamu ya Anjuman, akimtumia mwigizaji Shabana Azmi, kuonyesha jinsi wanawake watarizi wa mji huo walivyodhulumiwa na walivyosimama kudai haki yao. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1984, ilianzishwa huko huko Lucknow jumuiya ya SEWA iliyowakusanya watarizi wa chikan ili wapate kazi na kuuza bila ya kupitia kwa madalali. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 177 unaohusu wafanyakazi wa majumbani kwao, watu hasa wa namna hii, ukitaka wasibaguliwe na wafanyakazi wengine katika malipo na hifadhi.

Lipo na la watoto. Mwaka 2007 gazeti la The Observer la Uingereza liliwaonyesha walimwengu watoto waliokuwa wakitarizi nguo katika karakana ya Delhi, nguo zilizokusudiwa maduka makubwa ya Magharibi. India ilikuwa na sheria dhidi ya ajira ya watoto tangu mwaka 1986, na mwaka 2016 ikaikaza kwa kukataza kazi zote kwa walio chini ya miaka 14. Hata hivyo sheria hiyo iliacha mlango mmoja wazi, ule wa mtoto kuisaidia familia yake baada ya saa za skuli. Na tarizi, kama tulivyoona, ni kazi ya nyumbani. Mwenye macho na auone mlango huo unaelekea wapi.

Yapo maneno ambayo twajua yatasemwa, nayo yanastahiki jawabu.

Kuna atakayesema kuwa biashara ni maridhiano, na kwamba mtarizi amekubali malipo hayo kwa hiari yake. Tunajibu kuwa maridhiano ni ya watu wawili wanaojua wanachopatana. Tuangalie mfano wa Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan. Qur'ani inatusimulia kuwa mzee aliyemwajiri alimtajia muda wa kazi waziwazi, miaka minane au kumi akipenda, akamhakikishia kuwa hakusudii kumtaabisha, na yeye Musa akakubali kwa kujua. Hayo ndiyo mapatano. Ama mtu mwenye watoto wenye njaa, asiyejua bei ya sokoni na asiye na mlango mwingine wa kubisha, kukubali kwake kuna sura ya ridhaa tu. Na isisahaulike kuwa imo katika Qur'ani sura kamili, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao vipimo, wale ambao wakipokea hutaka kujaziwa na wakitoa hupunguza. Dalali anayehesabu kila doa la kazi na asihesabu kila siku ya kuchelewesha malipo, amejitafutia mahali pake humo.

Kuna mwingine atakayesema kuwa tukidai ujira mkubwa, sari zitapanda bei, watu watahamia za mashine, na yule maskini atakosa hata hicho kidogo. Hofu hii ina ukweli ndani yake, kwani mashine za kompyuta zenye vichwa vingi vya sindano hutoa kwa siku moja kazi inayomchukua mtu wiki kadhaa. Sisi hatusemi kuwa tarizi ya mashine ni haramu wala ni aibu. Asiye na uwezo na ainunue, aivae, na afurahi nayo. Tunachokikataa ni udanganyifu wa kuiita ya mkono ilhali ni ya mashine, kwani huo ndio unaomwangamiza mtarizi kweli kweli. Kazi yake ya mwezi hulazimishwa kushindana bei na kazi ya saa chache iliyovishwa jina lake. India yenyewe imeliona hilo, ndiyo maana chikan ya Lucknow ilisajiliwa mwaka 2008, na zardozi ya Lucknow mwaka 2013, ili majina hayo yasitumiwe ovyo.

Wa tatu atasema: sisi tuko mbali, tunanunua sari moja tu kwa harusi moja, tutabadilisha nini? Tunasema kuwa bei huanzia kwa mnunuzi. Anayemshindilia muuzaji hadi senti ya mwisho kwa sari ya mkono, hampunguzii muuzaji faida yake. Muuzaji atampunguzia aliyemletea, naye dalali atampunguzia aliye chini yake, na mwisho wa ngazi hiyo yuko mwanamke aliyeinama dirishani akiwahi mwanga wa jioni. Ubahili wa juu hulipwa na wa chini.

Kwa hivyo tunawanasihi ndugu zetu mambo manne.

La kwanza, igeuzeni sari kabla ya kuinunua. Upande wa nyuma husema kweli. Tarizi ya mashine huwa na mishono iliyolingana yote, na nyuma yake uzi wa pili uliotanda sawasawa, pengine na karatasi au kitambaa kigumu kilichowekwa cha kuishikilia. Ya mkono huwa na mafundo, miishio ya nyuzi na hitilafu ndogo baina ya ua na ua. Ikiwa ni ya mashine, ilipieni bei ya mashine. Ikiwa ni ya mkono, msiibeze kwa bei ya mashine.

La pili, mwulizeni muuzaji imetoka wapi na kwa nani. Huenda hatajua. Lakini akiulizwa na wateja kumi atatafuta jawabu, na akijua kuwa wateja wake wanapenda bidhaa za jumuiya zinazowalipa watarizi wao, ataziagiza. Nanyi ndugu wafanyabiashara, andikeni ukweli: shifoni ya hariri iitwe ya hariri, na ya polyesta iitwe ya polyesta. Kuficha aibu ya bidhaa huondoa baraka ya mauzo.

La tatu, punguzeni wingi na ongezeni thamani. Imezuka desturi kuwa sari iliyoonekana katika harusi moja haiwezi kuonekana katika nyingine, na picha za simu zimeifanya desturi hiyo kuwa kali zaidi. Huo ni israfu. Desturi hii ndiyo inayotaka sari nyingi, haraka na rahisi, na haraka hiyo ndiyo inayomkalia mtarizi kooni. Sari moja ya mkono iliyonunuliwa kwa haki, ikahifadhiwa vizuri, ikaazimwa baina ya dada na mashangazi, na kurithiwa na binti, ina heshima kuliko sita zilizovaliwa mara moja moja. Vazi halina mwendo wa kushonwa upya. Halina kimo wala unene, yeyote humfaa, na hiyo ndiyo hekima ya kitambaa kisichokatwa.

La nne, na ndilo lililo karibu nasi zaidi, tuangalie sindano za nyumbani kwetu. Wapo kina mama wa Lamu, Mombasa na Unguja wanaoshona kofia kwa mkono, kofia za vito zinazochukua miezi, nao wanashindana na kofia za mashine zinazoingia kwa makasha. Mvaaji wa kofia anayeona uchungu kwa habari za Lucknow na kisha akambania mshona kofia wa mtaani kwake, uchungu wake haujafika mbali. Yupo pia fundi cherehani anayekesha kumi la mwisho la Ramadhani akitia bitana blauzi za sari na kukunja pindo za mabuibui. Wangapi huchukua nguo zao asubuhi ya Idi kwa ahadi ya kulipa baada ya sikukuu? Dini yetu imehimiza mfanyakazi alipwe bila ya kucheleweshwa, kwa haraka ambayo kila Mwislamu ameisikia mimbarini. Nguo ya Idi ambayo fundi wake hajalipwa ni deni lililovaliwa kwenda nalo kuswali.

Hatusemi haya ili kuwatia watu huzuni siku ya furaha. Kujipamba siku ya Idi ni katika mambo mazuri, na sari ya shifoni yenye maua ya zari, ikivaliwa kwa stara na mahali pake, ni neema miongoni mwa neema. Tunachotaka ni furaha hiyo ienee. Iwe kwa aliyeivaa, na iwe kwa yule asiyejulikana jina lake, aliyeketi mbali akapitisha sindano mara elfu na maelfu katika kitambaa chepesi kuliko pumzi. Yeye naye ana Idi yake, ana watoto wanaongoja nguo mpya, na furaha yao imo katika ujira huo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie mavazi ya halali kwa nje na kwa ndani, atuepushe na kula jasho la wengine tukijua au bila ya kujua, na ayahifadhi macho ya wanaotupambia sikukuu zetu. Wabillahi tawfiq.